Bega linauma, mwenzangu amelazwa: niache mazoezi makali?

Shikamoo Dada Mshauri,

Nina miaka 38, nina mume na watoto wawili. Kazi yangu ni ya kukaa mezani kuanzia asubuhi hadi jioni, na kwa zaidi ya miaka kumi sikufanya zoezi lolote la maana. Mwaka jana nilipimwa presha ikasoma 148 kwa 94. Daktari alitaka kunianzishia dawa, lakini akanipa kwanza miezi mitatu nijaribu kubadili maisha. Hapo ndipo rafiki yangu wa kazini aliponivuta kwenye kikundi chao cha mazoezi makali.

Sasa naingia mwezi wa tano. Nilianza na siku tatu kwa wiki, siku hizi naenda tano. Kipindi ni dakika 50. Mwalimu anaandika kazi ya siku ubaoni: labda kuinua chuma juu ya kichwa mara 15, kuruka juu ya sanduku mara 15, kujivuta kwenye bomba mara 10, halafu unarudia mpaka saa ilie. Mwisho anaandika idadi ya raundi zako mbele ya jina lako, kila mtu aone.

Dada, faida nimeiona. Presha sasa ni 126 kwa 80, bila kidonge hata kimoja. Nalala usiku mzima. Napanda ngazi na mzigo mkononi bila kuhema. Na wale watu wamekuwa kama ndugu zangu. Kuna dada mmoja tunafukuzana kwa sekunde, wiki hii ananishinda, wiki ijayo namshinda mimi.

Tatizo ni kwamba wiki ya tatu sasa bega la kulia linaniuma. Linaanza nikiinua chuma juu, na siku hizi hata kufunga zipu ya nyuma ya gauni ni shida. Usiku siwezi kulilalia. Nilimwambia mwalimu akanijibu mbele ya watu kwamba anayeogopa maumivu abaki nyumbani. Nikacheka na wengine, nikaendelea.

Halafu wiki iliyopita mwenzetu mmoja, aliyekuwa hajaonekana kwa wiki tano, alirudi siku ambayo ubaoni kuna kujivuta mara 100. Alizimaliza. Siku ya pili mikono yake ilikuwa imevimba na viwiko havinyooki. Siku ya tatu mkojo ulitoka rangi ya kahawa. Alilazwa siku tano, dripu baada ya dripu, wanasema figo nusura zife. Mume wangu alienda kumwona hospitalini, na aliporudi alisema neno moja tu: basi.

Nimesoma huku na huku. Wengine wanasema mazoezi haya yanaumiza watu kuliko mchezo wowote, wengine wanasema kukimbia barabarani kuna hatari zaidi. Sijui nani mkweli. Niache au niendelee?

Aliye njia panda

*

Marahaba, mdogo wangu.

Najua unasubiri jibu, kwa hiyo nianze nalo. Usiache mazoezi. Ila kuanzia kesho usiinue kitu chochote juu ya kichwa, usijivute kwenye bomba, na urudi kwenye siku tatu kwa wiki. Nilifundisha mazoezi ya namna hii miaka tisa kabla sijaanza kuandika safu hii, na kiuno changu kiliumia humohumo, kwa hiyo haya ninayokuandikia sikusimuliwa.

Tuanze na bega, kwa kuwa ndilo haliwezi kungoja. Siwezi kulipima kwa barua. Lakini bega linalouma mkono ukipanda juu, likauma ukipeleka mkono nyuma ya mgongo, na likakunyima usingizi ukililalia, mara nyingi ni zile kano za misuli midogo inayolishika na kulizungusha zimechoka na kuchokozeka. Wiki tatu na maumivu ya usiku zinatosha: tafuta mtaalamu wa tiba ya viungo wiki hii. Ukiona mkono hauinuki kabisa, au vidole vinakufa ganzi, usingoje hata wiki hiyo iishe.

Wakati unasubiri miadi usilifunge bega kwenye kitambaa na kuliacha lilale. Kano haiponi kwa kukaa bure, inapona kwa kupewa kazi inayoiweza. Vuta uzito kuja kifuani ukiwa umeinama, beba uzito mikononi ukitembea, sukuma kwenye ukuta badala ya sakafuni, alimradi mikono inabaki chini ya usawa wa bega. Kipimo nilichokuwa nikiwapa wanafunzi wangu ni hiki: sifuri ni hakuna maumivu, kumi ni maumivu ya kukutoa machozi. Zoezi likikaa kwenye mbili au tatu, na asubuhi inayofuata bega liko vilevile lilivyokuwa jana yake, endelea. Likivuka hapo, au ukaamka limezidi, punguza uzito au badili zoezi. Na uwe na subira, kwa sababu bega la namna hii huchukua wiki sita mpaka kumi na mbili za kazi ya taratibu kabla halijakubali tena kuinua chuma juu.

Kwa nini limeuma sasa na si mwezi wa kwanza? Kwa sababu mwili haujengeki kwa kasi moja. Moyo, mapafu na misuli vinaitikia mazoezi ndani ya wiki chache, ndiyo maana pumzi yako ilibadilika upesi hivyo. Kano hazina damu nyingi kama misuli, na kuimarika kwake ni suala la miezi. Ukafika mahali ambapo pumzi inakuruhusu raundi ya saba, misuli inakubali, lakini kano ya bega bado ni ya yule mama wa mezani aliyeanza miezi mitano iliyopita. Na katikati ya safari ukaongeza kutoka siku tatu hadi tano. Mimi nikiulizwa bega hili liliumia lini, nitasema liliumia siku ile ulipoongeza siku, maumivu yakachelewa tu kufika.

Sasa mwenzako. Ugonjwa uliomlaza unaitwa rabdomayolisisi, na nataka uuelewe vizuri, kwa sababu hofu ya mumeo imetoka kwenye kitanda kile. Misuli ikifanyishwa kazi kupita kiasi ambacho haijakizoea, nyuzi zake huvunjika na kumwaga vilivyomo ndani yake kwenye damu. Kimojawapo ni protini iitwayo mayoglobini. Ndiyo inayotia mkojo ile rangi ya kahawa, na ikifika kwa wingi kwenye figo inaziziba na kuziumiza. Ndiyo maana alipewa dripu nyingi, zilikuwa za kuziosha figo zake. Wakati London ikipigwa mabomu katika Vita Kuu ya Pili, madaktari Bywaters na Beall waliandika mwaka 1941 kuhusu watu waliotolewa wazima chini ya vifusi wakafa siku chache baadaye kwa figo kushindwa kazi. Misuli yao ilikuwa imesagwa na uzito wa majengo. Mwenzako aliisaga yake mwenyewe kwenye bomba.

Lakini angalia alivyofika pale. Wiki tano hakuwepo, siku ya kurudi akafanya kazi ya mtu ambaye hakuondoka. Hilo ndilo tukio lenyewe, na limewakuta wenye nguvu kuliko yeye. Januari 2011 wachezaji 13 wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Iowa walilazwa kwa ugonjwa huuhuu. Walikuwa vijana, wanariadha, wenye makocha wa kulipwa. Walikuwa wametoka mapumzikoni kwa wiki kadhaa, wakapewa skwati 100, yaani kuchuchumaa na kuinuka na chuma mgongoni, huku wakipimwa muda. Kama miili ile haikustahimili, usimlaumu mwenzako kwamba alikuwa mlegevu, wala usidhani uhodari wako utakulinda.

Kujivuta kwenye bomba ni kubaya zaidi kwa jambo hili, kwa sababu kila ukishuka misuli inanyooshwa huku imekaza, na ni kule kunyooshwa ndiko kunakoivunja zaidi ya kupanda. Kwa hiyo mtu akitoka mapumziko ya wiki mbili au zaidi, siku ya kwanza nusu ya kazi inamtosha, na hata nusu hiyo aifanye bila kushindana na mtu.

Uchovu wa kawaida wa misuli unaujua: unaanza kesho yake, unafika kileleni siku ya pili au ya tatu, unapungua ukijinyoosha na kutembeatembea. Hatari ina sura nyingine. Kiungo kinavimba na kukaza mpaka hakinyooki, nguvu zinaisha kabisa, maumivu hayalingani na kazi uliyofanya, na mkojo unageuka rangi. Ukiona hivyo nenda hospitali siku hiyohiyo, waambie ulifanya mazoezi gani na lini, waombe wapime kreatini kinase kwenye damu, kipimo kinachoonyesha misuli imevunjika kiasi gani. Na tafadhali usimeze ibuprofeni au diklofenaki ukisubiri maumivu yapoe. Dawa hizo zinazielemea figo saa ileile zinapohitaji nafuu. Kikundi chenu kizima kijue hili, maana ninyi ndio mliomwona mikono imevimba siku ya pili, na hakuna aliyemwambia aende hospitali mpaka siku ya tatu.

Kuhusu nani mkweli kati ya wanaosema mazoezi haya yanaua na wanaosema ni salama kuliko kukimbia: wote wanatumia tarakimu za kweli, kila mmoja anachagua upande. Mfano mzuri ni utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu watu 132 wanaofanya CrossFit, ambayo ni jamaa wa karibu wa mazoezi yenu. Karibu robo tatu yao walisema wamewahi kuumia humo. Ukisikia hivyo unakimbia. Lakini utafiti huohuo ulihesabu majeraha kwa saa za mazoezi, ikawa 3.1 kwa kila saa 1,000. Ukisikia hivyo unaona si kitu.

Tuilete kwako. Dakika 50 mara tano ni saa nne na kidogo kwa wiki, karibu saa 200 kwa mwaka. Kwa kiwango kile ungetarajia kuumia kama mara mbili ndani ya miaka mitatu. Mengi ya majeraha hayo ni kama hili lako, yanayokusumbua wiki kadhaa na kupona. Ukirudi siku tatu, saa zako zinakuwa kama 125 kwa mwaka, na matarajio yanashuka kuwa jeraha moja katika miaka miwili na nusu. Hesabu ya namna hii ndiyo ningekaa nayo mimi. Wanaokimbia nao wamehesabiwa: mapitio ya tafiti ya mwaka 2015 yalikuta majeraha 17.8 kwa saa 1,000 kwa wanaoanza kukimbia, na 7.7 kwa waliozoea. Kwa hiyo ni kweli mkimbiaji mgeni anaumia mara nyingi zaidi. Ila usizilinganishe tarakimu hizi kama bei za bidhaa moja, maana kila utafiti una tafsiri yake ya neno kuumia, na tafiti nyingi za mazoezi makali zimejazwa kwa dodoso na watu ambao bado wamo. Aliyevunjika akaondoka kwa hasira hakuulizwa. Na upande wa wanaosema yanaua nao umewahi kuteleza: utafiti mmoja wa Ohio, Marekani, wa mwaka 2013 ulioeleza kwamba baadhi ya washiriki waliacha mazoezi haya kwa sababu ya kuumia ulipingwa sana kuhusu takwimu hizo, na mwaka 2017 jarida lililouchapisha likaufuta.

Kuna kimoja ninachokiamini kabisa kwa sababu kinafanana na nilichokiona kwa macho yangu miaka tisa. Utafiti wa mwaka 2014 wa watu 386 ulikuta kama mmoja kati ya watano aliumia ndani ya miezi sita, mabega na viuno vikiongoza. Lakini pale ambapo kocha alikuwa akiwasimamia na kuwarekebisha, walioumia walikuwa wachache. Kwa hiyo swali lako la niache au niendelee nalibadilisha: unaendelea na nani, na saa ikifanya nini?

Uliandika kwa kupita tu kwamba kuna dada mnafukuzana kwa sekunde. Mimi sentensi hiyo niliisoma mara tatu.

Nikueleze kiuno changu. Kazi ya siku ile ilikuwa kunyanyua chuma kutoka sakafuni, kukimbia mita 400, kurudia raundi tano. Zile tatu za kwanza nilikuwa sawa: chuma kinapita kikigusa ugoko, mgongo umenyooka, matako na mabega vinapanda pamoja. Raundi ya nne, mara ya tisa, nilimwona mwenzangu kwa pembeni akiweka chake chini kukimbia. Niliharakisha. Matako yakatangulia kupanda, chuma kikaachana na miguu kwa upana wa kiganja, mgongo ukajikunja. Sikusikia mlio wala kuchomwa. Nilimaliza, na ubaoni niliandikwa wa kwanza. Asubuhi yake niliketi ukingoni mwa kitanda na soksi mkononi, nisiweze kuinama kuivaa. Ilinichukua miezi minne kurudi kwenye uzito ule.

Chuma kilikuwa kilekile kwa raundi zote tano. Zoezi lilikuwa lilelile. Kilichobadilika ni kwamba nilikuwa nimechoka, zoezi lenyewe linadai ufundi, na kulikuwa na mtu wa kumkimbiza. Nimewaona watu wengi wakiumia na karibu kila mara nilivikuta vitu hivyo vitatu vimekaa pamoja. Kimoja kimoja havina shida. Uchovu ni sehemu ya mazoezi, ufundi unafunzika, mashindano yana raha yake. Vikikutana katika dakika moja, mwili unatafuta njia ya mkato, na njia ya mkato huwa inapita mgongoni au begani.

Kwa hiyo vitenganishe. Ukali wote unaoutaka uupeleke kwenye vitu visivyohitaji ufundi: baiskeli isiyotembea, mashine ya kupiga makasia, kupanda mwinuko kwa kasi, kusukuma kitu kizito sakafuni. Pale hema, toka jasho, mfukuze yule dada mpaka mchoke. Kunyanyua kutoka sakafuni, na bega likishapona kuinua chuma juu ya kichwa na kujivuta, hivi vifanye mwanzoni mwa kipindi ukiwa mzima, bila saa, ukiacha akiba ya mara mbili au tatu ambazo ungeweza bado kuzifanya. Watu wanashangaa nikiwaambia kwamba hata zile sekunde 20 za kasi na 10 za kupumzika, ambazo kila ukumbi wa mazoezi unazitaja kwa jina la Profesa Izumi Tabata wa Japani, katika utafiti wake wa mwaka 1996 zilifanywa juu ya baiskeli isiyotembea, na vijana wanaume wa chuo cha michezo. Huwezi kuanguka kwa urahisi kwenye baiskeli ile, na ukichoka inasimama tu. Chuma kilichoko juu ya kichwa chako hakisimami.

Usidhani kwamba ukipunguza siku unapoteza. Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 lilipendekeza kwa watu wazima dakika 75 mpaka 150 za mazoezi makali kwa wiki, pamoja na ya nguvu angalau siku mbili. Vipindi vyako vitatu vya dakika 50 vinakufikisha kwenye 150. Zile siku mbili nyingine tembea na mumeo.

Naye mumeo nisimsahau. Ameona mtu mzima kalala na dripu, akakufikiria wewe, na hapo sina la kumsahihisha. Usimpinge kwa tarakimu usiku. Ila mwonyeshe kwamba hata kuacha kuna hatari yake. Kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 1993 uliowahoji watu waliopata shambulio la moyo. Kwa wale ambao kwa kawaida hawafanyi mazoezi hata mara moja kwa wiki, kazi nzito ya ghafla ilipandisha uwezekano wa shambulio muda mfupi baadaye kwa zaidi ya mara 100 kuliko wakiwa wamepumzika. Kwa waliozoea mara tano au zaidi kwa wiki, ilipanda mara mbili na ushee tu. Yaani mwili usiozoea ndio unaoadhibiwa siku ukilazimika kukimbia au kubeba. Na presha yako ilishuka kwa kazi hii. Ukikaa, itarudi kupanda taratibu, na safari hii utaanzishiwa dawa. Mwambie pia unachobadilisha: siku tatu, bila kuinua juu, bila saa kwenye vyuma. Kama anaweza, aje aketi pembeni kipindi kimoja aone.

Kwa kuwa ulikuwa na presha, ongeza jambo moja: usibane pumzi ukinyanyua. Kubana pumzi chini ya uzito kunairusha presha juu sana kwa sekunde chache. Toa pumzi unaposukuma. Na mrudie daktari wako akupime, umweleze unachofanya. Ukisikia kifua kinabana, au ukizimia, au kiuno kikauma na sehemu za siri zikafa ganzi au mkojo ukagoma kutoka, usimuulize mwalimu wala mimi, nenda hospitali saa ileile.

Limebaki la mwalimu. Nimekasirika kusoma alivyokujibu, na nimekasirika kama mtu aliyeshika kazi ileile. Mwanafunzi akija na maumivu ya wiki tatu, mwalimu anaacha alichoshika, anamwambia nionyeshe, anatafuta zoezi mbadala. Kumfanyia mzaha mbele ya watu kunamfundisha kunyamaza, na akinyamaza leo juu ya bega, kesho atanyamaza juu ya mkojo. Hata hivyo mpe nafasi moja. Mfuate kabla ya kipindi, peke yake, saa haijawashwa. Mwambie: bega langu linauma, kwa wiki sita siinui juu wala sijivuti, nipe cha kufanya badala yake, na jina langu usiliweke ubaoni kwa sasa. Halafu muulize swali la pili: mtu akirudi baada ya wiki tano, unampa nini siku ya kwanza? Msikilize vizuri. Akifikiri na kukupa jibu, na ukamwona kipindini anapunguza uzito wa mtu kabla mtu huyo hajaomba, kaa naye. Akicheka tena, hama. Walimu wanaomtazama mwanafunzi kabla ya kutazama saa wapo, na ndugu zako wa kikundi wanaweza kukufuata.

Yule dada mnayefukuzana naye mweleze mwenyewe kuhusu bega, asije akadhani umemkimbia. Mkutane kwenye mashine ya makasia.

Na mwenzako aliyelazwa mpigie simu leo. Pengine anaona aibu kurudi, anaona amewaangusha. Daktari wake ndiye atakayemruhusu, baada ya kupima damu tena na kuona figo zimetulia. Siku atakayorudi ubaoni kunaweza kuwa na mia. Yeye afanye tano, akiwa mzima kabisa, kisha ashuke. Wewe bega lako litakuwa bado halijaruhusiwa kujivuta, kwa hiyo simama chini ya bomba umhesabie, na akifika tano umwambie inatosha.

Dada Mshauri